Dondoo muhimu: Taa inayomwitikia mtoto

Chumba cha hisia, wazo lililokua Uholanzi miaka ya 1970, humfaa zaidi mtoto mwenye ulemavu pale taa inapomwitikia yeye. Huko Kiringye, katika bonde la Ruzizi, mvua ikigonga mabati ya paa, maikrofoni inayowasha taa huisikia kama makofi, na mtoto hajui tena nani kaiwasha. Basi bandika kisahani cha piezo, yaani kihisi cha mtikisiko, kwenye ngozi ya ngoma anayoipiga mtoto: hakishughulikii sana kelele za hewani, hushika mtikisiko wa kiganja chake. Utaambiwa umeme ni shida. Lakini taa chache za LED hutosheka na betri ya volti 12 na paneli ya jua. Chumba chenyewe si lazima kiwe karavani ya bati: katika joto la bonde hilo, kuta za matofali ya udongo hubaki na ubaridi kuliko bati. Mwanga uongezeke polepole. Kuwaka na kuzimika zaidi ya mara 3 kwa sekunde huweza kuamsha kifafa.