MASIKA NA FURIKO NYUMBANI: Kijitabu cha kaya za Rufiji, Kibiti na visiwa vya delta

SOMA HAPA KWANZA

Maji ya furiko hayanywewi mpaka yachemke. Hata yakiwa meupe. Hata yakiwa yanakwenda. Hata kama babu aliyanywa na hakuugua.

"Maji yanayotembea yanajisafisha." Maneno haya tunayasikia kila masika, na kila masika zahanati zinapokea watoto waliolegea, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Furiko limepita vyooni, mazizini na majalalani kabla ya kufika kwenye ndoo yako. Kutembea hakukuyasafisha, kumeyaongezea uchafu wa kila kijiji kilicho juu yako.

Ukisahau yote yaliyomo humu, usisahau hili: CHEMSHA.

FURIKO LITARUDI

Wazee wanakumbuka furiko la 1974 na mvua za El Nino za 1997 na 1998. Vijana wanakumbuka Aprili 2024, maji yalipofunika nyumba na mashamba Rufiji na Kibiti. Tarehe 25 Aprili mwaka huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za msimu ule zilikuwa zimeua watu 155 nchini kote na kujeruhi 236. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, Kimbunga Hidaya kikaja na upepo na mvua upande wa Mafia na pwani yetu.

Hatuishi mbali na mto, na mto hautuhami. Tujiandae.

USIPIME FURIKO KWA MVUA YA MLANGONI KWAKO

Kwetu jua linaweza kuwaka na mto ukapanda. Maji ya Rufiji yanatoka mbali: Kilombero, Ruaha Mkuu, Luwegu. Mvua ikinyesha huko, sisi ndio tunaopokea. Kwa hiyo sikiliza redio, fuata utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa (TMA) na matangazo ya wilaya, yakiwemo ya maji yanayofunguliwa Bwawa la Julius Nyerere. Mtendaji au mwenyekiti wa kitongoji akisema hameni, hameni mchana huo huo, msingoje usiku. Mnaokaa delta, hesabuni na bamvua: maji ya mto yakikutana na bahari iliyojaa, hayana pa kwenda ila majumbani.

KUNI KWANZA

Tumewauliza akina mama kwa nini hawakuchemsha maji. Hawakusema hawajui. Walisema kuni zimelowa. Ni kweli: furiko likiingia linazima jiko kwanza, kiu inakuja baadaye. Maji salama ya Aprili yanaanzia kwenye kuni za Februari.

- Kabla ya masika, panga kuni kavu juu darini au kwenye uchaga, si pembeni ya ukuta. Gonganisha vipande viwili: kuni kavu inalia, mbichi hailii.
- Weka mkaa kwenye ndoo yenye mfuniko, na kiberiti kwenye kopo linalofunga vizuri.
- Mafiga yatafunikwa na maji. Uwe na jiko la mkaa unaloweza kulibeba.
- Kuni hizi zina kazi moja, maji ya kunywa. Usizimalize kwa kupikia maharage.
- Jiko la mkaa lisilale ndani na watu mlango ukiwa umefungwa. Gesi yake inaua bila kunuka.

NAMNA YA KUCHEMSHA

1. Chuja maji kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne. Kuchuja kunaondoa tope tu. Bado hayanyweki.
2. Yaweke motoni. Kutoa mvuke si kuchemka. Vipovu vidogo pembeni mwa sufuria si kuchemka. Ngoja maji yote yageukegeuke kwa mapovu makubwa, kisha yaache hivyo angalau dakika moja nzima.
3. Yapoe humo humo, yakiwa yamefunikwa.
4. Yamimine kwenye dumu safi la mdomo mwembamba au ndoo yenye koki. Kama huna, teka kwa kata yenye mpini mrefu. Mkono usiguse maji. Kikombe cha mtoto kisizame ndani.
5. Usiongeze maji mabichi juu ya yaliyochemshwa. Tone la maji mabichi linaharibu ndoo nzima.

Maji ya kunywa, ya kusukutulia mdomo, ya uji wa mtoto, ya kuoshea matunda: yote yachemshwe.

KUNI ZIKIISHA

Tumia vidonge vya kutibu maji. Chuja kwanza, weka idadi iliyoandikwa kwenye pakiti kwa ukubwa wa ndoo yako, funika, subiri nusu saa. Usikadirie kwa macho. Nunua kabla ya masika au muulize mhudumu wa afya wa kitongoji chako.

Maji yenye harufu ya petroli au dawa ya shamba hayafai hata yakichemshwa. Maji ya chumvi hayageuki matamu kwa kuchemshwa. Mwaga, tafuta mengine.

MAJI YA MVUA

Kinga kutoka kwenye bati. Mvua ya mwanzo iache ioshe bati, kisha weka ndoo. Nayo chemsha.

RADI

Radi ikianza kunguruma, toka shambani, toka majini. Mvuvi, rudisha mtumbwi ufukweni. Usingoje samaki wa mwisho.

- Usijikinge chini ya mnazi, mwembe wala mkorosho.
- Ingia ndani ya nyumba nzima, si banda lisilo na kuta.
- Kaa mbali na dirisha, nyaya na mabomba. Simu iliyo kwenye chaji usiishike.
- Subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho ndipo utoke.
- Aliyepigwa na radi habaki na umeme mwilini. Mguse, msaidie. Kama hapumui, aliyefunzwa huduma ya kwanza aanze kumkandamiza kifua mara moja. Hata akisimama mwenyewe, mpeleke kituo cha afya.

UMEME WA NYUMBANI

Maji yakikaribia mlango, zima swichi kuu ukiwa umesimama pakavu. Waya ulioanguka usiusogelee, waite TANESCO.

KUVUKA MAJI

Maji yanayokwenda kwa kasi yakifika magotini yanaweza kumwangusha mtu mzima. Usivuke. Usimtume mtoto avuke. Barabara iliyofunikwa huenda haipo tena chini ya maji. Bodaboda isibishane na mkondo. Mtumbwi ukijaa watu, ngoja unaofuata, na vaa boya kila linapopatikana. Usivuke usiku. Usivuke kwa sababu jirani amevuka.

MAMBA NA VIBOKO

Maji ya mto yakifika kijijini, wanyama wa mto wamefika nayo.

NYOKA

Nao wanatafuta pakavu: kitandani, kwenye viatu, kwenye kuni. Angalia kwa tochi kabla ya kushika. Aliyeumwa asitembee, asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza, asinyonywe jeraha. Abebwe mpaka hospitali.

CHOO

Choo cha shimo kilichojaa maji usikitumie. Kaya chache mshirikiane kuchimba kingine palipoinuka, mbali na kisima. Kinyesi cha mtoto ni kinyesi. Kifukieni, msikitupe majini. Mkihamia kambini, tumieni choo cha kambi, hata kama foleni ni ndefu. Nawa mikono kwa sabuni ukitoka chooni, kabla ya kupika, kabla ya kula, kabla ya kumlisha mtoto. Sabuni ikikosekana tumia majivu.

Na maji ya kunywa? Yachemshwe. Tunarudia makusudi.

MTU AKIANZA KUHARA

Kuhara kunaua kwa kumaliza maji mwilini, na kipindupindu hakingoji kesho.

- Anza kumpa ORS (dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini) hapo hapo nyumbani. Pakiti moja kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa.
- Huna pakiti? Lita moja ya maji yaliyochemshwa, sukari vijiko vidogo 6 vilivyosawazishwa, chumvi nusu ya kijiko kidogo. Usizidishe chumvi.
- Mtoto anywe kidogo kidogo kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika 10, endelea.
- Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya, tena mara nyingi zaidi. Aliye chini ya miezi 6 asipewe maji ya kawaida wala uji.
- Usimnyime chakula. Usimpe vidonge vilivyobaki vya mtu mwingine.
- Kituoni uliza dawa ya zinki kwa mtoto.

Mkimbize kituoni mara moja ukiona haya: choo cheupe kama maji ya mchele, kutapika kusikokoma, damu kwenye choo, macho kuingia ndani, kukosa mkojo, usingizi usio wa kawaida. Usisubiri dawa ya jirani. Njiani endelea kumnywesha.

Usimfiche mgonjwa. Kipindupindu si aibu. Kukificha kunamaliza kitongoji.

WAJAWAZITO NA WENYE DAWA ZA KILA SIKU

Mama aliyekaribia kujifungua ahamie karibu na kituo cha afya kabla barabara na vivuko havijafungwa. Kwa wa delta hili ni lazima: usiku wa dhoruba hakuna boti.

Dawa za presha, kisukari, kifua kikuu, kifafa na ARV ziwe kwenye kopo lenye mfuniko, pamoja na kadi ya kliniki, kitambulisho na kadi ya bima. Ukihama, kopo hilo linabebwa kabla ya godoro. Chandarua kinafuata. Ukiishiwa dawa kambini, sema siku hiyo hiyo.

MAJI YAKIPUNGUA

Hapa ndipo watu wanapolegea, na hapa ndipo wagonjwa wanapoongezeka.

- Nyumba ya miti na udongo iliyolowa inaweza kuanguka jua likiwaka. Usilale ndani kabla haijakaguliwa.
- Kisima kilichofunikwa na furiko kisitumike kwa kunywa mpaka afisa afya akitie dawa na kukiruhusu.
- Unga, mchele na mihogo iliyolowana na furiko itupwe. Tunajua inauma. Itupe.
- Vaa viatu unapotoa tope. Kidonda kioshe kwa sabuni na ukifunike.
- Endelea kuchemsha maji ingawa jua limetoka na mto umerudi kwenye kingo zake.

WA KUWAITA

Zimamoto na Uokoaji: 114. Polisi: 112. Ushauri wa afya: 199.
Andika hapa kwa kalamu namba ya mtendaji wa kijiji, mhudumu wa afya na mwenye boti.

Toboa kijitabu hiki pembeni, kitie kamba, kitundike jikoni mahali ambapo hata mtoto wa darasa la tatu atawasomea wenzake kwa sauti: maji ya furiko hayanywewi mpaka yachemke.