Ganda, Utando au Rangi? Istilahi za Kueleza Chembe za Aloi Zenye Ganda la Kaboni

1.0 Utangulizi
Dai kwamba Kiswahili hakimudu sayansi aghalabu hujibiwa kwa orodha za istilahi. Hata hivyo, istilahi hupimwa kwa uwezo wake wa kueleza mchakato bila kuupotosha. Makala haya yanachunguza suala hilo kwa mfano mmoja: utengenezaji wa chembe za aloi ya chuma na kobalti zenye ganda la kaboni, na uchunguzi wa usumaku wake. Chembe hizo hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita.

2.0 Utengenezaji
Mwaka 1990 Wolfgang Krätschmer, Donald Huffman na wenzao walieleza namna ya kupata fulereni kwa kuvukiza grafiti kwa umeme ndani ya heli. Baadaye njia ya aina hiyo ilitumiwa kwa metali. Fito mbili za grafiti huwekwa katika chombo chenye heli. Mmoja hutobolewa na kujazwa unga wa metali. Tao la umeme huvukiza vyote viwili, na mvuke ukipoa huwa masizi. Kaboni iliyoyeyuka ndani ya tone la metali hutoka kadiri tone linavyopoa, ikajipanga tabaka juu ya tabaka.

Kwa hiyo kitenzi *kupaka* hakifai. Kipakwacho huwa tayari kabla ya rangi kuletwa kutoka nje. Hapa kifunikwacho na kifuniko huzaliwa pamoja. *Utando* unakaribia zaidi, kama ule wa uji unaopoa, ila hukaa juu tu. *Ganda*, kama la kitunguu, lina tabaka na huzunguka pande zote. Aidha, ganda hulinda: metali iliyofunikwa kikamilifu haifikiwi na oksijeni wala asidi. Ndiyo maana masizi huoshwa kwa asidi ili kuondoa chembe zisizo na ganda.

3.0 Usumaku
Aloi ya chuma na kobalti inaweza kufikia usumaku shibe wa takriban tesla 2.4, ilhali chuma pekee hufikia takriban 2.2. Masizi yakipimwa kwa gramu, kiwango hushuka, kwa kuwa kaboni huongeza uzito bila kuongeza usumaku wa maana.

Tatizo kubwa la istilahi hujitokeza chembe zinapokuwa ndogo sana. Kama Louis Néel alivyoeleza mwaka 1949, joto huweza kugeuzageuza mwelekeo wa usumaku wa chembe. Uga wa nje ukiondolewa, jumla ya usumaku wa chembe nyingi huwa sifuri. Kusema kwamba chembe hizo "zimepoteza usumaku" ni kosa: kila moja ingali na usumaku wake, kilichopotea ni mwelekeo wa pamoja. Kutafsiri viambishi vya Kigiriki na Kilatini kimoja kimoja nako hakumsaidii mwanafunzi.

Inapendekezwa istilahi *usumaku geugeu*. Inataja hasa kinachotokea, tena inazaa nyingine: chembe zikipozwa vya kutosha, ugeugeu hukoma, na kiwango hicho kikaitwa *joto la kutulia*.

4.0 Hitimisho
Mfano huu unaonyesha kwamba uteuzi wa istilahi hautenganiki na uelewa wa jambo lenyewe. Anayechagua *kupaka* badala ya *ganda* amekwisha kumfundisha mwanafunzi fizikia isiyo sahihi. Yafaa basi mwanaisimu na mwanafizikia waketi meza moja kabla istilahi haijasanifiwa.