SOMO LA KILIMO: Mgomba Ukinyauka, Kata Uangalie Ndani

Familia nyingi kambini zimepanda kisukari na kayinja karibu na nyumba. Majani yakiwa njano, wengine husema ni jua. Waliotoka Kivu hukumbuka haraka mnyauko wa bakteria ulioonekana Masisi mwaka 2001. Tusiseme lolote kabla ya kukata.

Kuna mnyauko mwingine unaoletwa na kuvu, nao huitwa mnyauko wa Panama. Kuvu hii hukaa udongoni, huingia kwa mizizi na kuziba njia za maji ndani ya mgomba. Ndiyo sababu mgomba hunyauka hata mvua ikiwa nzuri. Majani ya chini, yale mazee, huanza kuwa njano pembeni, halafu huvunjika kwenye kikonyo na kuning'inia kuzunguka shina kama sketi. Mara nyingine shina hupasuka karibu na ardhi.

Sasa chukua panga, ukate shina lile chini. Ukiona ndani mistari ya rangi nyekundu iliyochanganyika na kahawia, shuku kuvu. Pasua na ndizi: ndani ni safi. Kwa bakteria sivyo. Ukingoja dakika chache, utomvu wa njano kama usaha hutoka pale ulipokata, ndizi huiva kabla ya wakati, na ndani zina kahawia.

Kazi hii ina faida gani? Bakteria haidumu sana udongoni migomba ikiondolewa, lakini hushika hata matoke, na panga lisilopitishwa motoni huipeleka kwa jirani. Kuvu ni ya kinyume: matoke huivumilia, lakini udongoni hukaa zaidi ya miaka 20, wala hakuna dawa ya kuiondoa. Mahali hapo usirudishe kisukari. Panda matoke, mahindi au maharagwe. Usiukokote mgomba mgonjwa shambani. Osha udongo wote kwenye jembe na viatu. Na chipukizi la shina hilo usimpe mtu, hata likionekana zima (hapa ndipo wema wetu hutuponza).

Udongo wenyewe hauonyeshi kitu kwa macho. Ukipewa kiwanja, muulize aliyelima mbele yako kama migomba ilimfia, na wapi. Nawe ukihama, mwonyeshe anayekipokea mahali ulipong'oa.