Tuone Chini ya Ardhi Kabla ya Kuchimba

Somo kwa vikundi



Siku hizi kijana wa hapa Nyacheki anaweza kufungua simu akaona picha ya matabaka ya mawe yaliyo chini ya ardhi. Picha hiyo unaizungusha kwa kidole, unaikata kama mkate, unaona ndani. Shirika la Jiolojia la Uingereza, kwa mfano, limeweka kwenye intaneti picha kama hizo za sehemu za nchi yao. Je, kikundi kinachochanga pesa za kisima kiamini picha ya namna hii?

Kwanza tujue inavyotengenezwa. Hakuna kamera iliyoshuka chini. Wataalamu hukusanya mambo matatu:

(a) mawe yanayoonekana juu;
(b) kumbukumbu za visima vilivyokwisha chimbwa;
(c) vipimo, kama kupitisha umeme ardhini.

Halafu kompyuta huunganisha shimo moja na lingine. Katikati ya mashimo ni kukisia tu, ingawa ni kukisia kwa elimu. Tena umeme hupita kwa urahisi penye mawe yenye maji, lakini hupita vilevile penye udongo wa mfinyanzi na penye maji ya chumvi.

Tukumbuke Turkana. Septemba 2013 Serikali na UNESCO walitangaza hazina kubwa ya maji chini ya bonde la Lotikipi, iliyotafutwa kwa msaada wa setilaiti na rada. Watu walifurahi sana. Baadaye vipimo vikaonyesha kuwa maji hayo yana chumvi nyingi. Maji yalikuwepo kweli, lakini picha haikuonyesha kama ni matamu.

Na kwetu je? Ripoti ya jiolojia ya wilaya ya Kisii ilichapishwa 1951. Ni msaada mzuri, lakini inaeleza wilaya nzima, si shamba lako. Mawe yetu mengi ni magumu, na maji hukaa kwenye nyufa na sehemu zilizooza. Kwa hiyo kisima cha jirani chenye maji si ahadi kwako. Mkichimba pakavu, mwenye mashine bado atadai pesa yake, na hiyo ni pesa ya wamama iliyochangwa kidogo kidogo.

Basi tufanye hivi:

1. Mtaalamu wa maji ya ardhini apime kwanza, na kibali kipatikane kutoka Mamlaka ya Rasilimali za Maji (WRA).

2. Mwulizeni: "Umetumia kumbukumbu za visima gani vya karibu?" Kama hakuna hata kimoja, jueni kukisia ni kwingi.

3. Andikeni katika mkataba nani atalipa nini shimo likiwa kavu.

4. Maji yapimwe kabla ya kununua pampu.

5. Dai nakala ya kumbukumbu ya kisima: kina, matabaka, maji yalipopatikana na wingi wake. Iwekwe kwenye faili ya kikundi. Shimo kavu nalo liandikwe, maana litaokoa pesa ya kikundi kingine.

Picha nzuri ya kesho ya chini ya Nyacheki itatoka kwenye mafaili hayo.

Maswali ya kujadili

- Ni visima vingapi vimechimbwa karibu nasi, na nani ana kumbukumbu zake?
- Je, tuna chemchemi ambayo tungeitunza kwanza kabla ya kuchimba?