KUCHEKANA BILA KUCHUKIANA: SOMO KUTOKA MJI WA VALENCIA

Katika makala haya nataka tujifunze jinsi kejeli inavyofanya kazi nje ya kitabu cha fasihi. Darasani tunaambiwa tutaje mbinu za lugha, nasi tunakariri: tashbihi, istiara, kinaya, kejeli. Tukishapata alama zetu mbili, basi, tumemaliza. Lakini upo mji ambao kila mwezi wa Machi kejeli hutoka kitabuni, ikasimama barabarani ikiwa ndefu kama nyumba ya orofa, kisha ikatiwa moto. Mji huo ni Valencia, nchini Uhispania, na sherehe yenyewe huitwa Fallas. Mimi sijafika huko. Nimeisoma tu na kutazama filamu zake, lakini kama wasemavyo wahenga, elimu ni bahari.

Kwanza tuyaweke sawa majira

Fallas hukaribisha majira ya kuchipua. Tafadhali usiyaite masika! Masika ni zile mvua zetu ndefu za Machi hadi Mei. Huko Ulaya, mwezi wa Machi baridi kali huanza kuisha, miti iliyokuwa mitupu hutoa majani, na mchana huanza kuushinda usiku kwa urefu. Sisi tulio karibu na ikweta, mchana na usiku wetu hautofautiani sana mwaka mzima. Ndiyo maana tuna masika, vuli, kipupwe na kiangazi, na hayo mengine tunayaeleza kwa maneno mawili matatu.

Sherehe inaendaje?

Valencia ni mji wa tatu kwa ukubwa Uhispania, baada ya Madrid na Barcelona. Una watu wapatao 800,000, kwa hivyo ni mdogo kuliko Mombasa yetu, ambayo katika hesabu ya mwaka 2019 ilikuwa na watu zaidi ya 1,200,000.

Sherehe hii haifanywi na serikali wala kampuni. Hufanywa na mitaa. Ndani ya mji mna kamati za mitaa zaidi ya 350. Wanachama hutoa mchango wao mwaka mzima, huuza tikiti za bahati nasibu, huandaa chakula, na baraza la mji huwaongezea kidogo. Ni kama vyama vya mama zetu hapa nyumbani, ila wao hawanunui sufuria wala mabati. Hununua kicheko. Pesa hizo humlipa fundi wa sanamu, naye hukaa katika karakana yake kwa miezi mingi akijenga.

Kila sanamu ya mtu huitwa ninot. Zamani zilitengenezwa kwa mbao, nguo kuukuu na nta, halafu kwa karatasi na gundi. Siku hizi hutumiwa sana lile povu gumu jeupe linalokuja na televisheni mpya ndani ya boksi. Ninot nyingi hupangwa pamoja zikawa kitu kimoja kikubwa, nacho ndicho huitwa falla. Kubwa zaidi hupita mita 20. Kila kamati huweka moja kubwa na moja ndogo ya watoto. Na ni nani huchekwa? Wanasiasa, matajiri, watu mashuhuri, watalii, hata majirani wa mtaa wenyewe.

Tangu tarehe 1 hadi 19 Machi, kila siku saa nane mchana, baruti hulipuliwa katika uwanja ulio mbele ya jengo la baraza la mji. Hizo si fataki za kutazamwa, ni za kusikilizwa: mlio hupanda na kushuka kama ngoma hadi kifua kitetemeke. Kuanzia tarehe 15 sanamu huwa zimesimama kwenye njia panda. Tarehe 17 na 18 watu huvaa mavazi ya kitamaduni, wakampelekea Bikira Maria maua, na maua hayo hupangwa yakawa joho lake. Halafu usiku wa tarehe 19, sikukuu ya Mtakatifu Yosefu, msimamizi wa maseremala, zote huchomwa. Zimamoto husimama tayari wakizimwagia maji kuta za nyumba za karibu.

Wazee wa huko husimulia kuwa mambo yalianza na maseremala. Siku zikirefuka, hawakuhitaji tena vile vigingi vya mbao vya kutundikia taa za kazi za usiku, wakavichoma pamoja na mabaki ya karakana. Wataalamu wengine hawaikubali asili hiyo, lakini ndiyo inayosimuliwa zaidi.

Tangu mwaka 1934 ninot moja husamehewa moto. Wananchi hupiga kura kuichagua, nayo huhifadhiwa katika makumbusho.

Kijitabu cha mashairi

Hapa ndipo mimi, kama mpenzi wa Kiswahili, nilipofurahi zaidi. Kamati hizo huchapisha kijitabu kiitwacho llibret, chenye mashairi ya kueleza falla na kumchoma huyu na yule kwa vijembe. Mshairi Josep Bernat i Baldoví alitunga cha namna hiyo mwaka 1855. Mashairi hayo huandikwa kwa Kivalencia, yaani lugha ya Kikatalani kama inavyozungumzwa huko. Kwa miaka mingi lugha hiyo ilisukumwa kando na Kihispania katika ofisi na shule. Lakini kila Machi watu walihitaji kuchekana, na utamu wa kuchekana uko katika lugha ya nyumbani. Hadi leo kuna tuzo za llibret bora. Kumbe lugha haihifadhiwi kwa kusifiwa jukwaani peke yake. Huhifadhiwa na watu wanaoitumia kwa jambo wanalolipenda.

Masharti ya kejeli

Nayaandika haya kwa sababu. Muhula uliopita chama chetu kiligawanyika. Wengine walitaka igizo la kuchekesha kuhusu foleni ya bwalo, zamu za maji na viranja, lionyeshwe Siku ya Kiswahili Duniani, tarehe 7 Julai. Wengine walikataa kabisa wakisema mzaha mzaha hutumbuka usaha. Nikiwatazama watu wa Valencia, naona pande zote mbili zina haki, mradi tushike masharti matatu.

Sharti la kwanza: cheka tendo, usicheke umbile. Kiranja anayeruka foleni anachekeka. Kigugumizi cha mtu au umaskini wa kwao si kejeli, ni matusi.

Sharti la pili: anayecheka naye ajicheke, tena waziwazi. Kila falla ina kamati yake inayojulikana, na mtaa haujiachi nje. Maandishi ya kuchorwa ukutani mwa choo usiku, yasiyo na mwenyewe, hayo si sanaa.

Sharti la tatu: kiwe na mwisho. Moto ukishawaka tarehe 19, mambo ya mwaka huo yamekwisha. Kejeli isiyochomwa hugeuka kinyongo.

Mtaniuliza, je, si rahisi zaidi kupiga marufuku? Wakati wa utawala wa Franco, kuanzia 1939 hadi 1975, michoro ilibidi ipitishwe na wakaguzi kabla sanamu hazijajengwa. Kejeli haikufa. Ilijifunza kujificha katika mafumbo.

Sisemi kwamba Fallas haina ila. Moshi wa lile povu ni mweusi na mbaya, na wapo wakazi wanaouhama mji siku hizo kwa ajili ya kelele. Lakini watu wanaipenda kweli. Mwaka 2020 sherehe ilipoahirishwa siku chache tu kabla, kwa sababu ya korona, sanamu kubwa ya mwanamke akitafakari ilivishwa barakoa. Hata katika huzuni walipata neno la kusema. Walisherehekea Septemba 2021. Nalo shirika la UNESCO lilikuwa limeiandika Fallas katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2016, katika mkutano uliofanyika hapa jirani, Addis Ababa.

Zoezi

1. Eleza tofauti kati ya kejeli na matusi. Toa mfano mmoja wa kila kimoja kutoka maisha ya bweni.
2. "Kiranja wetu ni mwepesi sana, kengele ya chakula haijalia, yeye ameshashiba." Hapa kinachochekwa ni mtu au tendo? Fafanua.
3. Tunga beti mbili za tarbia, mizani 8 kwa 8, ukilicheka kosa moja la darasa lako. Ubeti wa pili ujicheke mwenyewe.

Beti zitakazotimiza masharti yote matatu tutazisoma tarehe 7 Julai mbele ya walimu. Baada ya hapo karatasi zitaenda jikoni zikawashe jiko la chai, na anayetaka kuweka kinyongo atafute kitu kingine cha kuweka. Kiswahili kitukuzwe!