Cheche Zilazo Swichi

Treni ya umeme ilianza safari za Dodoma mwaka 2024, ikivuta volti 25,000. Waya wake umegawanywa sehemu. Kwenye kiungo treni huacha kwanza kuvuta umeme, cheche isije ikauunguza.

Swichi za pampu zetu hazina ulinzi huo. Tukizima, koili ya mota hukataa mkondo ukome ghafla; umeme huruka hewani na kula ncha za swichi. Dawa ni kapasita na rezista, zikifuatana, zifungwe sambamba na ncha hizo. Kapasita humeza mkondo ncha zinapoachana. Rezista huizuia isiumwage kwa kishindo tukiwasha.

Fundi achague kapasita ya kazi hiyo, si ya redio kuukuu. Tena, swichi ikizimwa umeme kidogo bado hupita: msiguse mota kabla ya kuzima swichi kuu.