Siku 28 za Kwanza

Jambo nitakaloeleza hapa wengi wenu mtasema ni la wanawake na wakunga. Mimi pia nilisema hivyo, mpaka likizo moja niliporudi kwetu karibu na Mbale, nikakuta shemeji yangu amejifungua mtoto mwenye uvimbe mgongoni, kama kifuko cha maji. Wazee wakasema ati shemeji alimcheka kiwete alipokuwa mja mzito. Kaka yangu, ambaye amesoma mpaka kidato cha nne, alinyamaza. Basi niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa elimu ya viumbe, na haya ndiyo niliyojifunza.

Kilema hiki huitwa mgongo wazi. Katika wiki ya tatu na ya nne tangu mimba kutungwa, mtoto hajafikia ukubwa wa punje ya mchele. Mgongoni pake utando mwembamba hujikunja, kingo zake mbili hukutana na kushikana, ukawa mrija. Mrija huo ndio utakaokuwa ubongo na ugwe wa mgongo. Kazi hii humalizika kwa kiasi cha siku 28. Kingo zisiposhikana mgongoni, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Zisiposhikana kichwani, hawezi kuishi.

Sasa tupige hesabu. Mwanamke huanza kushuku kuwa ana mimba anapokosa siku zake, yaani wiki mbili hivi baada ya mimba kutungwa. Wengi hungoja mwezi wa pili ndipo waamini, na kliniki huenda baadaye zaidi. Wakati huo mrija umekwisha fungwa, au umekwisha kosa kufungwa. Shemeji alikwenda kliniki mwezi wa nne, akapewa vidonge, akavinywa vyote. Hakufanya kosa lo lote. Kwa kilema hiki, wakati ulikuwa umekwisha pita.

Je, kinga ipo? Ipo, ingawa haizuii kila kilema. Mwili huhitaji asidi ya foliki, vitamini iliyomo katika mboga za majani, maharagwe na karanga. Mboga zikichemshwa mno, sehemu kubwa hupotea. Mwaka 1991 matabibu wa Uingereza walitangaza matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika nchi kadhaa, kwa wanawake waliokwisha pata mtoto mwenye kilema cha namna hii. Waliopewa vitamini hiyo tangu kabla ya kushika mimba, hatari yao ilipungua kwa kiasi cha sehemu saba katika kumi.

Basi tushike mambo matatu. Kwanza, mwanamke anayetazamia kupata mtoto anywe mikrogramu 400 kila siku, akianza angalau mwezi mmoja kabla ya mimba, mpaka wiki ya 12. Pili, aliyekwisha zaa mtoto wa namna hii amwone daktari mapema, maana huhitaji kipimo kikubwa zaidi. Tatu, mwenye kisukari au anayetumia dawa za kifafa amwulize daktari kabla ya kushika mimba, kwa kuwa sukari isiyotawaliwa na baadhi ya dawa hizo huongeza hatari. Lakini asiache dawa kwa shauri lake mwenyewe.

Na mtoto akizaliwa hivyo, mgongo ufunikwe kwa kitambaa safi chenye unyevu, apelekwe hospitali upesi. Mwana wa kaka yangu alipasuliwa Mbale. Leo ana miaka miwili, hutambaa na kuimba.

Ndugu zangu, na ninyi wakubwa zetu mliokwisha toka hapa, kijana anapokusanya mahari ndio wakati wa kufikiri habari ya vidonge hivi. Tena wazee wakianza kumlaumu mama wa mtoto, msinyamaze, kwa maana mnajua. Kaka yangu amekwisha waeleza wazee. Shemeji naye anakunywa vidonge alivyoandikiwa na daktari, na mimba bado hana.